Mdomo wa Raymond Bloor, Sauti ya Mtu Mwingine

Wakala wake alipompigia simu kumwambia amepata nafasi ya kuigiza mzee wa Burslem, mji wa wafinyanzi katikati ya Uingereza, Raymond Bloor alisimama mbele ya kioo cha bafuni, akafungua mdomo, na akagundua kwamba hawezi kusema sentensi hata moja kama mtu wa Burslem. Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Alizaliwa Burslem, akalelewa Burslem, akala makofi ya Burslem mpaka akaanza kunyoa ndevu. Hasira iliyompanda pale bafuni haikushuka tena, na anayetaka kumlaumu kwanza asikie alivyofanyiwa.

Baba yake, Harold, alikuwa mpanga tanuri katika kiwanda cha vyombo vya udongo. Kazi yake ilikuwa kubeba vikombe na sahani kichwani ndani ya makasha mazito, na kuingia nayo kwenye tanuri ambalo mara nyingi lilikuwa halijapoa, kwa sababu tajiri alikuwa na haraka zake. Mama yake, Winnie, alichora maua kwenye kingo za sahani hizo hizo tangu akiwa msichana mpaka kiwanda kilipofungwa. Watu wa nyumba ile, kama watu wote wa mji ule, hawakuweza kuketi mezani kwa mtu bila kupindua sahani kuangalia chini imeandikwa kiwanda gani, na wakikuta imetoka ng'ambo, chakula kiliwashuka kwa shida. Na waliongea lafudhi yao, nzito, inayovuta maneno pale Waingereza wengine wanapoyakata. Katika lafudhi hiyo kila mtu, mwanamume kwa mwanamke, mkubwa kwa mdogo, huitwa bata, na hakuna anayenuna.

Lafudhi hiyo huisikii kwenye runinga. Ya Liverpool utaisikia, ya Yorkshire utaisikia kila anapotakiwa mkulima mwenye roho nzuri. Ya Burslem hata wachekeshaji hawaiibi. Ni kama vile wakuu wa London walikaa kikao wakakubaliana kwamba watu wale wapo kwa ajili ya kutengeneza vikombe, si kwa ajili ya kuongea.

Raymond alikwenda London kusomea uigizaji akiwa kijana, halmashauri ikimlipia. Siku ya kwanza mwalimu wa sauti, Bi Fennimore, alimsimamisha mbele ya wenzake asome ukurasa mmoja. Alipomaliza, Bi Fennimore alifunga macho kidogo, kama mtu anayesubiri maumivu yapite.

"Hiyo si lafudhi, Bwana Bloor," akasema. "Hayo ni mafua."

Darasa likacheka. Raymond naye akacheka, maana ukiwa na umri huo unacheka ili usilie. Kisha akapewa kizibo cha chupa ya mvinyo, akaambiwa akibane kwa meno na asome hivyo kila asubuhi, mpaka mdomo ujifunze kufunguka kistaarabu. Alikibana. Alikuwa na bidii, mjinga wa watu. Alisoma na kizibo mate yakimtiririka kidevuni, akasoma kwenye mabasi, akasoma chooni, na alipohitimu alikuwa na sauti ambayo ungeikabidhi funguo za benki bila kudai risiti. Bi Fennimore alimpongeza mbele ya watu. Kuhusu kile alichokitoa kwenye koo la kijana ili kuipatia sauti hiyo nafasi, hakusema neno.

Sauti ile ilimlisha, tusiwe wanafiki. Raymond akawa yule mwigizaji ambaye sura yake unaijua ila jina lake hulijui. Alikuwa daktari anayetoka chumba cha upasuaji akivua kofia na kusema wamejitahidi lakini haikuwezekana. Alikuwa mchungaji mwenye siri, hakimu, meneja wa benki, inspekta anayemwonya mpelelezi hodari asivuke mipaka. Katika tamthilia moja ya hospitali alitokea mara tatu kama watu watatu tofauti. Mara ya kwanza alikuja mgonjwa akafa, akarudi baada ya miaka kadhaa akiwa wakili, kisha akarudi tena akiwa daktari katika wadi ile ile aliyofia, na hakuna mtu katika nchi nzima aliyeuliza. Siku moja dukani Croydon, kusini mwa London, mama mmoja alimvaa mbele ya mboga, akimgombeza kwamba alimnyima mkopo. Raymond aliomba radhi. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Mama yake alimtazama kila alipotokea, lakini sifa hakuitoa. Raymond akipiga simu nyumbani, Winnie humpa bintiye Glenys kipokezi na kumwambia, "Chukua, ni yule bwana wa benki." Glenys alicheka kila mara. Raymond alijilazimisha kucheka. Harold alipofariki, Raymond alisoma somo kanisani, akasoma kwa ile sauti yake ya kengele, na wanaume wa tanuri waliojaa kwenye viti vya nyuma wakawa wanatazama viatu vyao. Walipotoka nje mama yake alimshika mkono.

"Umesoma vizuri," akasema. "Harold angekuwa hapa angeuliza ni nani huyu tuliyemkodi."

Hakuyasema kwa ubaya. Hilo ndilo lililomuuma Raymond zaidi, kwamba hakuyasema kwa ubaya.

Baadaye macho ya Winnie yakaanza kuliwa na maradhi ya uzee. Yalimla katikati, akabakiwa na pembeni tu: aliweza kuona mlango, lakini si uso wa aliyeingia. Runinga ikawa redio kwake. Alifika miaka themanini na minane akiwa na akili timamu na masikio mazima, na katika masikio hayo mtoto aliyemzaa mwenyewe alikuwa mgeni. Kwa hiyo simu ya wakala ilipokuja, Raymond hakufikiria sifa wala tuzo. Alitaka jambo moja, mama yake amsikie kabla hajafa. Si amsikie hakimu wala mchungaji. Amsikie yeye.

Nafasi yenyewe ilikuwa ya mzee Enoch, mpanga tanuri mstaafu, katika tamthilia kuhusu kiwanda kinachouzwa. Si mhusika mkuu, lakini ana hotuba moja mbele ya mtoto wa tajiri ambayo mwigizaji yeyote angeuza koti lake aipate. Raymond alibeba sanduku akaenda Burslem, akaketi jikoni kwa mama yake, akamwambia shida yake. Winnie akamwambia Glenys afunge mlango, wana kazi.

Mwalimu alikuwa mkali kuliko Bi Fennimore. Raymond alisema sentensi, Winnie akatikisa kichwa.

"Unaongea kama mtu anayeogopa kuchafua nguo. Rudia."

Akarudia.

"Mbona unaachama hivyo? Baba yako alifungua mdomo kwa ajili ya chai na bia tu. Maneno yalijitafutia njia yenyewe. Rudia."

Waliendelea hivyo asubuhi na jioni. Raymond, mtu aliyelipwa maisha yake yote kwa kuongea, alikaa kwenye kiti cha jikoni akitokwa jasho kama mtoto aliyeitwa ubaoni. Maneno yalikuja yamevaa suti. Hata alipoyalegeza yalikuwa ya mtu anayewaigiza maskini, na Winnie aliyakamata yote, hakuachia hata moja. Siku moja Raymond alishika kikaango cha moto kwa mkono mtupu, akatukana tusi refu la tanuri ambalo hakuwa amelitamka tangu ujana, likatoka lote na mikunjo yake.

"Huyo hapo," mama yake akasema. "Mshike, usimwache aondoke."

Na Raymond alimshika. Walipoagana Winnie alikuwa keshawaambia majirani wote, wa upande huu na wa upande ule, kwamba mwanawe ataongea kwenye runinga kama watu.

Kwenye kazi yenyewe vituko vilianza mapema. Watayarishaji walikuwa wamemleta mtaalamu wa lafudhi kutoka London, kijana mpole mwenye visikilizio shingoni, na kijana huyo akamfuata Raymond kwenye gari la mapumziko kumwambia kwamba irabu zake haziko sawasawa, hazisikiki kama za kaskazini.

"Burslem si kaskazini," Raymond akamwambia.

"Najua, ila watazamaji watadhani ni kaskazini."

"Basi watazamaji wamekosea."

Kijana akatabasamu kwa upole ule wa kuudhi na kusema anamwelewa kabisa. Raymond hakubadilisha kitu. Hotuba ya Enoch aliipiga mara moja tu, kwenye mdomo wa tanuri bovu, akimwambia yule mtoto wa tajiri: mnauza jina letu likabandikwe chini ya sahani ambazo hatukuzigusa, na mnataka tupige makofi. Alipomaliza, wabeba taa walisahau kushusha taa. Mwongozaji alimkumbatia. Raymond alirudi hotelini akiwa mwepesi kama aliyetua kasha la miaka arobaini.

Kisha Lavinia, wakala wake, akapiga simu. Alizunguka kwanza, akauliza habari za mgongo wake na bustani yake, ndipo akafika. Tamthilia imeuzwa ng'ambo, na wanunuzi wamemsikiliza Enoch na hawakuambulia kitu. Watayarishaji wanaomba Raymond aje studio siku moja tu, arudie sentensi zake, ziwe wazi zaidi kidogo, ili toleo moja litumike nyumbani na ng'ambo.

"Miaka arobaini wamenilipa niongee kama wao," Raymond akasema. "Mara moja nimeongea kama kwetu, wanataka nijifute?"

"Hakuna anayesema kujifuta, mpenzi."

"Siendi."

"Mkataba unawaruhusu kumtumia mtu mwingine kwa sauti."

"Hawatathubutu."

Zikapita wiki kadhaa. Ikaja barua pepe ya mtayarishaji, jamaa aitwaye Piers, imejaa asali. Piers alisema kazi ya Raymond imewagusa wote, alisema mkewe alilia, na mwisho kabisa, kama kitu kilichomponyoka, akasema wanafanya marekebisho madogo ya sauti, anatumaini Raymond hatajali.

Hapa ndipo Raymond alipojichimbia shimo. Mtu yeyote mwenye akili zake angeshika simu na kuuliza: madogo kiasi gani? Lakini Raymond, pamoja na hasira zote zile, ni Mwingereza hadi kwenye uboho, na kwao kuuliza mara ya pili ni kumwita mwenzako mwongo. Watu hawa wanaweza kukukata mguu wakakwambia ni mkwaruzo, na aliyekatwa akaomba radhi kwa kuchafua zulia. Raymond alijibu: hakuna shida hata kidogo, asante sana kwa kunijulisha. Akajipa moyo kwamba madogo ni madogo, na kwa mama yake hakusema lolote.

Tamthilia ilionyeshwa Jumapili ya Julai, saa mbili usiku, nje kukiwa bado kweupe kama ilivyo kiangazi cha kule. Glenys alipika chapati za shayiri za kwao, akazikunjia jibini na nyama. Winnie alikuwa ametengeneza nywele saluni kwa ajili ya kusikiliza. Madirisha ya mtaa mzima yalikuwa wazi kwa joto, na kila nyumba ilikuwa na kipindi kile kile, kwa sababu Winnie hakuacha mlango bila kuugonga. Alivuta kiti mpaka karibu na spika, akaweka mikono mapajani, akatulia.

Enoch akaingia. Raymond akajiona akivuta mlango wa jikoni, akajiona akivua kofia, akaona mdomo wake ukifunguka, na ndani yake ikatoka sauti ya Desmond Pike.

Aliitambua papo hapo. Desmond anauza bima na chakula cha mbwa kwenye matangazo, ni mtu wa London, na alikuwa amejivisha ukaskazini wa jumla jumla, lafudhi ya mahali pasipokuwapo, ambapo wazee wote ni wema na mvua haikatiki. Kila neno lilikaa sawasawa juu ya midomo ya Raymond. Mafundi walikuwa hodari, lazima isemwe. Raymond alihisi damu ikimpanda mpaka masikio yakavuma. Glenys alitazama runinga, akamtazama kaka yake, akatazama tena runinga, kisha akaweka kiganja mdomoni.

Winnie alikuwa akisubiri. Alisikiliza kwa adabu zote, kichwa kimeinama upande wa spika. Baada ya muda akauliza, "Wewe unaingia lini?"

"Bado kidogo, Mama," Raymond akasema.

Uongo huo ulimtoka kwa ile sauti ya daktari, ya kusema wamejitahidi. Mama yake akakubali, akaendelea kusikiliza. Kila Enoch alipoongea alikunja uso. Mwishowe hakuweza kuvumilia.

"Huyu mzee wamemtoa wapi? Ati mpanga tanuri. Huyu hajabeba hata kikombe cha chai."

Kwenye runinga Enoch alikuwa ameshafika kwenye tanuri. Mtoto wa tajiri alikuwa amesimama mbele yake na karatasi zake za mauzo. Raymond aliijua pumzi aliyoivuta siku ile kabla ya kuanza, akaiona ikipanda kifuani mwake pale kwenye kioo cha runinga, na akajua kwamba baada ya pumzi hiyo Desmond Pike atafungua mdomo wa mtu mwingine na kumweleza mama yake, Winnie Bloor, maana ya tanuri. Akanyakua rimoti. Akakata sauti.

"Mnauza jina letu," akasema.

Alisema kwa lafudhi ya jikoni, ya kikaango cha moto, na hasira ilimsukumia maneno bila kuyachagua. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, midomo yake miwili, ule wa kwenye kioo na ule wa usoni, ikienda pamoja. Winnie aligeuza kichwa upande wake taratibu. Mkono wake ukaanza kutafuta kitu hewani.

Lakini ukuta wa nyumba zile ni mwembamba. Jirani, Doreen, ni mzito wa kusikia na runinga yake hupiga kelele kama sokoni. Raymond alipovuta pumzi ya pili, sauti ya Desmond Pike ilipenya ukutani, ikisema maneno yale yale, ikimtangulia kidogo. Raymond akapaza sauti. Ya ukutani haikujali. Na kupitia dirishani ikaja tena kutoka ng'ambo ya barabara, na tena kutoka chini ya mtaa, Enoch mmoja kila nyumba, na wote ni Desmond. Raymond akanyamaza katikati ya sentensi.

"Huyo wa ukutani ni nani?" Winnie akauliza.

"Ni mimi, Mama. Yule mzee ni mimi, tangu mwanzo. Wametoa sauti yangu, wakaniwekea ya mtu wa London."

"Na ile tuliyofanya jikoni?"

"Wameitupa."

Uso mdogo wa Winnie ulikuwa umekauka, na Raymond, aliyekwisha kuwaona watu wengi wakiigiza hasira, aliona kwamba hakuwahi kuiona yenyewe. Mwanamke yule alikuwa amechora maua ya watu maisha yake yote bila jina lake kuandikwa popote, na hakulalamika. Akainama, akavua kiatu, akainuka kwa kushika mgongo wa kiti, akapapasa mpaka akafika ukutani, na akaupiga ukuta kwa kisigino cha kiatu mpaka chokaa ikadondoka.

"Doreen! Zima huo uchafu!"

Upande wa pili pakawa kimya ghafla. Glenys alikwenda kufunga dirisha. Ng'ambo ya barabara, na katika nchi nzima, Desmond Pike aliendelea, lakini ndani ya chumba kile hakusikika tena.

Winnie akarudi kwenye kiti chake, kiatu kikiwa bado mkononi. Akamgeuzia mwanawe sikio.

"Haya, anza," akasema. "Anza pale anapoingia mlangoni. Mimi sijasikia kitu bado."

Raymond akavuta kiti mpaka magoti yao yakagusana, na kwa hasira ile ile, akaanza.